CDI Haijafa, Imelowa: Tuache Kununua Vifaa Kabla ya Kukausha Soketi

Leo siandiki kuhusu mbegu wala viuatilifu. Naandika kuhusu pikipiki, na naandika nikiwa na hasira kidogo. Nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Wapo watakaouliza bwana shamba anaingiaje kwenye mambo ya waya. Anaingia kwa sababu huku kwetu milima ya Uluguru kabichi haishuki Morogoro mjini kwa miguu yake. Pikipiki ndiyo inayopandisha mbolea, ndiyo inayoshusha mboga, ndiyo inayobeba mama mjamzito usiku wa manane. Na kila masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, pikipiki hizo zinazima njiani moja baada ya nyingine. Zikizima, tunakimbilia dukani kununua CDI. Hapo ndipo penye ugomvi wangu na ninyi.

Yaliyonikuta mimi

Masika moja, mwezi wa nne, nilikuwa nimebeba chanjo ya kideri kwenye kikasha cha baridi. Kitongoji cha juu kilikuwa kimeshatangaziwa: kuku wasifunguliwe asubuhi, bwana shamba anakuja. Nilipofika kwenye kijito mvua ilikuwa kubwa. Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikaisukuma hadi senta nikiwa nimelowa chapachapa.

Fundi akafungua plagi, akapiga kiki, akatikisa kichwa. "Bwana shamba, CDI imekufa." Nikatoa shilingi 35,000. Haikuwaka. "Basi ni koili." Nikatoa 18,000. Haikuwaka. "Tubadilishe na plagi kabisa." Elfu 5 nyingine. Jua likazama. Kesho yake ikawa zamu ya maginito, lakini dukani haikuwepo, ikabidi iagizwe mjini.

Siku ya tatu jua likatoka. Pikipiki ikakaa uani tangu asubuhi. Saa nane mchana kijana mmoja akaipiga kiki kwa utani tu, ikawaka mara moja. Fundi akacheka: "Si unaona, vifaa vipya vimeshazoeana." Nikampa 10,000 ya ufundi, nikaondoka nikiwa nimetumia shilingi 68,000 na siku tatu.

Wiki tatu baadaye mvua ikanyesha, pikipiki ikazima vilevile. CDI mpya, koili mpya, plagi mpya, ugonjwa uleule. Safari hii nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza pikipiki chini ya mwembe, hana hata bango. Akaondoa kiti, akashika soketi ya CDI, akaichomoa, akanionyesha. Ndani kulikuwa na tope na kutu ya kijani. Akaisugua kwa mswaki mkavu, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli, akairudisha. Dakika 20. Vifaa vyangu vya zamani nilikuwa bado navyo kwenye mfuko wa sandarusi. Tukavirudisha, pikipiki ikawaka. Hadi leo ninapoandika haya natembelea CDI ileile iliyotangazwa kufa.

Hela ingeweza kuwa mwisho wa habari. Lakini ile chanjo ilikuwa imeshapata joto, nikalazimika kuomba nyingine, na nilipopanda kitongoji cha juu kideri kilikuwa kimenitangulia. Mama mmoja aliyekuwa na kuku 23 alibakiwa na wanne. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba bwana shamba. Ulichelewa baba, mvua ilikuwa nyingi." Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba haikuwa mvua. Ilikuwa soketi moja yenye tope, na watu wazima wawili, mimi na fundi, ambao kwa siku tatu hatukuiangalia ndani.

Ndiyo maana nasema wazi: pikipiki nyingi za kijijini hazifi kwa maji. Zinauawa na haraka yetu ya kununua kabla ya kuangalia.

Maji yanafanya nini hasa

Maji ya mvua yakiwa safi yanapitisha umeme kidogo sana. Yakichanganyika na tope, jasho, chumvi na vumbi la barabarani yanapitisha zaidi. Kwenye pikipiki yanaleta matatizo ya aina tatu.

La kwanza, umeme unavuja. Koili inapeleka kwenye plagi umeme wa maelfu ya volti. Umeme mkubwa namna hiyo ukikuta kepu ya plagi imelowa au ina ufa, hausumbuki kuruka kwenye ncha ya plagi ndani ya injini. Unateleza juu ya unyevu na kuingia kwenye chuma cha injini. Injini inakohoa, inakosa nguvu, inazima. Ukitaka kuamini, iwashe usiku gizani ikiwa na unyevu, uangalie kuanzia koili hadi kepu. Ukiona vicheche vya bluu vinatambaa nje, umeshampata mwizi. Usiguse kwa mkono, utarushwa.

La pili, umeme unapita pasipotakiwa. Kwenye pikipiki nyingi, ukizima swichi unachofanya ni kuunganisha waya mmoja wa CDI na fremu, na cheche inakatika. Sasa maji yakiingia ndani ya swichi ya ufunguo au swichi ya kuzimia iliyoko kwenye usukani, yanafanya kazi hiyohiyo bila kukuomba ruhusa. Pikipiki inaamini umeizima. Unapiga kiki hadi mguu unavimba, na CDI ni nzima kabisa.

La tatu, kutu. Maji yakikauka yanaacha uchafu kwenye pini za soketi. Shaba inaota ukungu wa kijani, pini za chuma zinakuwa kahawia. Kiangazi hutagundua, kwa sababu pini bado zinagusana kidogo. Asubuhi yenye umande inagoma, saa tano inawaka. Mkiona tabia hiyo ya kugoma alfajiri na kupona juani, msiite uchawi wala "CDI inayochoka". Ni unyevu kwenye soketi au kwenye kepu.

CDI inasingiziwa

CDI nyingi ndani zimejazwa gundi ngumu, imefunika kila kitu. Maji hayaingii kirahisi. Mlango wa maji ni soketi yake, pale waya zinapoingia. Ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimeshika kutu.

Sisemi CDI haifi. Inakufa. Koili nayo inapasuka, koili za maginito zinaungua. Ninachosema ni kwamba pikipiki iliyokuwa nzima asubuhi, ikapita kwenye mvua, ikazima, jambo la kwanza kulishuku ni maji, na dawa ya maji ni kukausha. Kifaa kilichokufa hakifufuki jua likitoka. Kama inapona ikikauka, basi hakikufa.

Mbona shambani mnanielewa? Nyanya ikinyauka ghafla, huwa nawaambia msikimbilie sumu ya ukungu. Kateni shina, tumbukizeni kipande kwenye glasi ya maji safi. Kikitoa uzi mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria, na sumu ya ukungu haitausaidia hata mkipulizia debe zima. Mnakubali, mnapima kwanza. Mkifika kwenye pikipiki, akili ile mnaiacha shambani.

Sisi wabeba mbolea tuna kosa la ziada

Hili sijasikia likisemwa, nalisema mimi. Mfuko wa CAN au SA unavuta unyevu kutoka hewani. Ukitoboka juu ya kiti, punje zinaanguka chini ya kiti, palepale zilipo betri, fyuzi, CDI na soketi zake. Zikipata mvua zinayeyuka na kuwa maji ya chumvi. Maji hayo yanapitisha umeme vizuri na yanakula shaba. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wanaobeba salfa ya mikorosho nao wasijione salama, salfa na unyevu havipatani na shaba. Kadhalika anayebeba mbuzi. Mkojo wa mnyama ni chumvi tupu.

Kwa hiyo mfuko uliotoboka funga ndani ya mfuko mwingine. Ukishashusha mbolea, ondoa kiti, fagia kwa brashi kavu kabla ya kugusa maji. Ukimwagia maji kwanza umeshatengeneza sumu ya waya zako.

Utaratibu wa kufuata ikizima kwenye mvua

Fuata kwa mpangilio huu. Kila hatua haina gharama au ina gharama ndogo, ndiyo maana inakuja kabla ya duka.

1. Kama imezama, usipige kiki. Maji yakifunika chujio la hewa au bomba la moshi, yanaweza kuwa yameingia ndani ya injini. Maji hayashindiliki, utapinda kishikizo cha pistoni. Toa plagi kwanza, kisha piga kiki taratibu maji yatoke kwenye tundu. Angalia oili. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, imwage uweke mpya kabla ya kuwasha.

2. Angalia vitu vya bure. Swichi ya kuzimia iko wapi? Mafuta yapo? Koki imefunguliwa? Fyuzi nzima? Nimeshaona pikipiki ikisukumwa kilomita nyingi kwa sababu koti la mvua lilisukuma swichi.

3. Kausha kepu na plagi. Zima ufunguo. Futa tope kuzunguka plagi kabla ya kuifungua, lisiangukie ndani. Chomoa kepu kwa kushika kepu, si kwa kuvuta waya. Futa ndani na nje kwa kitambaa kikavu, futa na ile kaure nyeupe ya plagi. Usiichome plagi kwa moto wa petroli kama wengi wanavyofanya. Umesimama kando ya tangi la mafuta, na kaure ikipasuka plagi imekwisha.

4. Pima cheche. Rudisha plagi kwenye kepu, laza chuma cha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi, kwa sababu hewa inayotoka pale ina petroli na inaweza kushika moto. Shikilia kepu kwa koleo lenye mpini wa plastiki au kitambaa kinene kikavu. Washa ufunguo, mwenzako apige kiki. Fanya kivulini uone vizuri. Usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma, unaweza kuua koili au CDI uliyokuwa unajaribu kuiokoa.

5. Cheche ikiwa ya bluu na yenye nguvu, acha waya. Tatizo halipo kwenye umeme. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, mwaga mafuta kwenye chupa safi, yaache yatulie. Ukiona matone yanayokaa chini kama shanga, hayo ni maji. Petroli ya chupa ya barabarani wakati wa mvua huwa na habari zake. Angalia na chujio la hewa kama limelowa. Ni CDI ngapi zimenunuliwa huku maji yakiwa kwenye kabureta!

6. Cheche ikikosekana au ikiwa nyekundu na dhaifu, nenda kwenye soketi. Zima ufunguo. Chomoa moja moja: ya CDI, ya koili, ile inayotoka kwenye maginito, na ya swichi ya ufunguo. Shika soketi, usivute waya. Angalia maji, tope, kijani, pini iliyorudi nyuma. Sugua kwa mswaki mkavu, puliza kwa pampu ya baiskeli, ziache juani. Ukirudisha, sukuma hadi zishike.

7. Jaribu swichi. Kama pikipiki yako CDI yake haitegemei betri, chomoa ule waya wa kuzimia kwenye CDI, kisha pima cheche tena. Kwenye pikipiki nyingi za Kichina ni mweusi wenye mstari mweupe, lakini rangi hutofautiana, muulize fundi. Cheche ikirudi, CDI ni nzima na mgonjwa ni swichi. Kumbuka hilo ni jaribio tu. Waya ukiwa umetolewa, ufunguo hauzimi injini, kwa hiyo urudishe.

8. Kama kiki inawasha ila stata haizunguki na taa ni hafifu, angalia betri. Safisha vichwa vyake na ule waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu, kaza vizuri. Ukiwa na mita, betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6 au zaidi injini ikiwa imezimwa. Ikisoma 12.0 au chini imeisha chaji. Injini ikiwaka na ukiongeza mafuta kidogo isome kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Isipopanda, angalia soketi ya rektifaya kabla ya kununua rektifaya. Na angalia taa ya breki ya nyuma. Swichi yake ikilowa au ikinata, taa inabaki inawaka muda wote ufunguo ukiwa umewashwa, na wewe unalaumu betri.

9. Mwisho kabisa, azima. Kama vyote vimekauka na bado hakuna cheche, azima CDI ya pikipiki ya aina hiyohiyo inayofanya kazi, jaribu kwa dakika tano. Ikiwaka, sasa nenda dukani ukanunue, na mimi nitakuunga mkono.

"Lakini fundi ana haraka"

Najua majibu yenu, nimeyasikia.

Fundi ananiambia, "Bwana shamba, mteja hataki nikae nusu saa nakausha waya. Anataka aondoke." Ni kweli, na hapa lawama simpi fundi peke yake. Mteja wa kwetu fundi akimkaushia soketi na pikipiki ikawaka, anasema, "Hujafanya kitu, umefuta tu," anampa 500 au asante. Fundi yuleyule akimfungulia boksi jipya, mteja anatoa 35,000 na ya ufundi juu. Kwa hiyo tumemfundisha fundi kwamba akili yake haina bei, boksi ndilo lenye bei. Halafu tunashangaa kila ugonjwa dawa yake ni boksi.

Tubadilishe. Mlipe fundi wako hela ya kupima. Kubalianeni kabla hajagusa spana: elfu 3, elfu 5, kulingana na mahali, iwe pikipiki imewaka kwa kukaushwa au kwa kifaa kipya. Siku ile mimi ningempa fundi 10,000 kwa kukausha tu ningebaki na 58,000 mfukoni na chanjo ingefika. Nilipata nilichokuwa tayari kulipia.

Mwenye duka la spea ananiambia, "Mimi nauza tu. Kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudi." Naelewa kwa nini hakirudi, kinaweza kurudi kikiwa kimeungua. Lakini maana yake ni kwamba kosa lote la kubahatisha linalipwa na mkulima. Ewe mwenye duka, weka CDI moja nzima na koili moja nzima za zile pikipiki zilizojaa kijijini kwako, ziwe za kupimia tu, zisiuzwe. Mteja aje na pikipiki, fundi ajaribu hapo hapo, ukitaka mtoze kidogo. Utauza CDI chache mwezi huu, ni kweli. Lakini mteja aliyeokolewa 35,000 ndiye atakayenunua kwako tairi, mnyororo na oili mwaka mzima. Huyo uliyemuuzia CDI asiyoihitaji atakwenda kununua mjini, na atawasimulia wenzake.

Dereva wa bodaboda ananiambia, "Nikikausha nusu saa nimepoteza abiria." Ndugu yangu, na siku mbili ulizosubiri CDI kutoka mjini, hao abiria walikuwa wapi?

Kisha kuna wale wa mkasi. Pikipiki ikisumbua, wanakata soketi yote, wanasokota waya kwa mkono, wanafunga kwa nailoni, wanasema "tumeunga moja kwa moja". Soketi iliyokatwa hairudi. Waya uliosokotwa unashika kutu ndani ya nailoni bila kuonekana, na nailoni haizuii maji, inayafungia ndani. Masika ijayo hakuna mtu atakayejua waya gani ni wa wapi. Na wanaoweka karatasi ya ng'aring'ari ya sigara mahali pa fyuzi, hao wanaandaa moto chini ya tangi la petroli. Fyuzi imekatika kwa sababu kuna waya unagusa chuma. Tafuta huo waya, kisha weka fyuzi yenye namba ileile iliyoandikwa, haina bei ya kuogopesha.

Wanaoosha nao wasikilize

Wapo ambao pikipiki zao hazijawahi kunyeshewa sana ila zina kutu ya soketi. Ni za wapenda usafi. Anatoka safari injini ikiwa ya moto, anaipeleka kwenye mashine ya presha, inapigwa maji chini ya kiti, kwenye usukani, kwenye saa, kwenye plagi. Mvua inadondoka kutoka juu, na pikipiki imetengenezwa kuvumilia hiyo. Presha inapiga kutoka chini na pembeni, inapenya mahali ambapo mvua isingefika. Tena kitu cha moto kikipigwa maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuyavuta maji yaingie kupitia kila upenyo.

Oshea ndoo, kitambaa na brashi. Subiri injini ipoe. Bomba la presha, kama ni lazima, liishie kwenye matairi na madigadi. Ukimaliza, iwashe ikae iunguruma kidogo, ikaukie juani, si kuifunika turubai ikiwa mbichi.

Kinga kabla ya masika

Mwezi wa pili, jua likiwa bado lipo, tenga saa mbili. Ondoa kiti. Fungua soketi zote, safisha, kausha. Paka grisi ya silikoni kidogo pale mpira wa soketi unapoingia. Vichwa vya betri, ukishavikaza, vipake mafuta ya mgando kwa juu. Kepu ya plagi yenye ufa au mpira uliolegea, badilisha. Hicho ndicho kifaa cha bei ndogo ninachokuruhusu ununue bila kesi. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kivalishe kepu kama sketi, kiwe wazi kwa chini ili maji yatoke. Panga waya ili kabla ya kuingia kwenye soketi ushuke kwanza kisha upande. Maji yakitiririka juu ya waya yatadondoka pale chini na hayatafika kwenye soketi. Na kama injini yako ina kitundu kidogo cha kutolea maji pembeni ya plagi, kizibue kwa kijiti.

Chini ya kiti weka kifurushi: kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa plastiki, mswaki, spana ya plagi, fyuzi mbili za akiba. Vyote havifiki bei ya koili moja.

Neno la mwisho

Mwaka 2022 Serikali ilianza kugawa pikipiki nyingi kwa maafisa ugani nchini, na tunashukuru. Lakini pikipiki haifiki kwa mkulima kwa sababu imegawiwa, inafika kwa sababu inawaka. Maafisa ugani wenzangu, tusijifanye wakubwa wa kutoshika spana. Tunayemtegemea akiharibikiwa nusu ya kazi yetu inalala, na anayelipa ni yule mama wa kuku 23.

Mimi nilimrudia. Nilimweleza ukweli wa ile siku, soketi na yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi safari hii kausha mapema, baba." Mwaka uliofuata chanjo ilifika kwake saa mbili asubuhi, mvua ikiwa inanyesha, nikiwa na mswaki mfukoni.

Kausha kwanza. Pima. Ndipo ununue. Masika njema.